Sekunde Kumi na Moja

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata ni mimi, Glenn, fundi mitambo,
niliyekaa nyuma yao misimu tisa
katika kibanda cha mbao juu ya uwanja wa Saginaw,
kahawa imepoa, nikichunga sindano
isivuke ikaingia kwenye wekundu.

Mbele yangu, visogo viwili.
Kulia Merle Haverkamp, sauti ya timu,
sauti ambayo wakulima wa viazisukari
waliining'iniza kwenye trekta, zizini, juu ya sinki la vyombo;
hata ng'ombe, nasikia, walizoea kukamuliwa nayo.
Kushoto Rudy Stachowiak, mdakaji mstaafu,
vidole vimepinda kama tangawizi,
kila kimoja kimevunjwa na mrushaji anayemkumbuka kwa jina.

Msimu wa sita macho ya Merle yakaanza kumtoroka.
Kwanza ubao wa matokeo. Kisha namba za migongoni.
Kisha mpira wenyewe, kitu kidogo kuliko chungwa,
ukawa uvumi tu.
Hakumwambia mwajiri. Hakumwambia Lorraine, mkewe,
aliyemleta kila jioni akidhani mumewe amechoka na usukani.
Rudy hakuhitaji kuambiwa.
Uwanjani wote huipa ngome yao kisogo;
mdakaji peke yake huutazama mchezo usoni.

Nikaona, chini ya meza, kiganja kimefunguliwa juu ya goti,
na vile vidole vya tangawizi vikiandika.
Kimoja: mpira wa kasi. Viwili: wa kupinda.
Ngumi: amepiga hewa.
Ukucha ukiburuzwa: umekwenda kushoto, chini chini, mbio.
Ishara zile zile alizowapa warushaji miaka kumi na miwili,
amechuchumaa, mkono kati ya mapaja.
Sasa mrushaji ni Merle.

Naye akirusha!
"Pettibone anafuta jasho, anatikisa kichwa, hataki...
haya, anautupa, wa chini, wa nje,
na mpigaji anautazama kama bili ya umeme."
Jasho hakuliona. Lakini ilikuwa Julai;
nani hakuwa nalo?

Halafu ule usiku wa Agosti. Awamu ya tisa,
tumezidiwa mbili, wetu wawili wako vituoni,
na anayekuja na gongo ni yule kijana Dufresne,
ambaye tangu Juni hajagusa kitu ila kofia yake.
Gongo likalia. Si mlio wa kuni.
Mlio wa mlango mkubwa unaofungwa mtaa wa pili.
Na Rudy, Mungu amsamehe, akasimama.
Akasimama kama mtoto, paji la uso kwenye kioo,
na kiganja cha Merle kikabaki wazi juu ya goti,
sahani isiyo na chakula.

Moja. Redioni ukimya ni kuzama.
Nilitaka kumgusa mimi. Sikujua lugha ile.
Merle akapapasa komeo, akafungua dirisha,
akasema kama anayempisha mgeni mlangoni:
"Sikilizeni wenyewe."

Barua zilijaa gunia. Mwanamke wa Hemlock aliandika
kwamba aliacha mikono ndani ya povu
na akauona mpira ukivuka ukuta, akauona kabisa,
hadi mshono wake mwekundu.
Gazeti likasema: huyu ndiye bingwa, ajuaye wakati wa kunyamaza.
Merle alisomewa hayo. Akacheka mpaka akakohoa.

Wote wawili wamekwenda. Mkanda ninao.
Sekunde kumi na moja za watu elfu tatu
wanaopayuka wasichoweza kukisema,
na chini yake, ukijua pa kutega sikio,
kiti kinalia: Rudy anaketi.
Kisha mchakacho mdogo, kama karatasi, ila si karatasi.
Kisha Merle anavuta pumzi
na kutoa matokeo.